Wote Wanauliza Habari ya Tumbo, Nani Atauliza Habari ya Moyo?

Wapenzi mama na dada, nanyi mabwana mnaosomewa kitabu hiki jioni nyumbani, leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwetu watu hulisema kwa sauti ya chini. Wako wanawake ambao mwezi wao hauji kwa wakati wake. Unapita mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne, hawaoni kitu. Kisha damu inakuja siku kumi mfululizo. Wengine wanaota ndevu kidevuni, nao huzinyoa kwa siri alfajiri, kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Wengine wana chunusi nyingi ingawa ujana umekwisha kupita, au nywele za utosini zinapungua. Tena wengi wanangoja mtoto, na mimba haishiki upesi.

Mwanamke wa namna hii akija hospitali, mara nyingi haji peke yake. Anakuja na mama mkwe wake, na dada ya bwana wake, na pengine mama mmoja wa kanisa wa kumtia moyo. Wote wana swali moja tu: "Atazaa?" Ni swali la haki, hatulidharau. Lakini tangu nianze kazi hii sijasikia mama mkwe hata mmoja akiuliza: "Je, moyo wake uko salama?" Kumbe ugonjwa huu haukai tumboni tu. Unashika damu na mishipa, na miaka ikipita unaweza kuufikia moyo. Mwanamke anaweza kuzaa watoto watano, watu wote wakasahau habari, naye bado anao. Anaweza kukata tamaa ya kuzaa na kuacha kuja hospitali, naye bado anao. Kwa hiyo maneno yetu leo hayatakuwa mengi juu ya uzazi. Tutasema zaidi juu ya moyo.

Ugonjwa huu ni nini?

Kwenye karatasi ya ekografi utaona herufi nne zinazotoka katika jina la Kifaransa: SOPK. Maana yake ni ugonjwa wa mifuko ya mayai yenye vivimbe vingi. Kila mwanamke ana mifuko miwili midogo ya mayai ya uzazi, mmoja upande wa kuume na mmoja upande wa kushoto. Jina hili limewaogopesha wengi bure. Wanasikia neno "vivimbe", wanafikiri ni uvimbe wa kukatwa kwa kisu, na jamaa wanaanza kuchanga fedha za operesheni. Sivyo. Yale madoa meusi yanayoonekana kwenye ekografi ni vifuko vidogo vya mayai machanga, yaliyoanza kukua yakasimama njiani. Si kansa, wala hayahitaji kutolewa.

Waganga wawili wa mji wa Chicago, huko Marekani, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari ya wanawake 7 wenye ugonjwa huu mwaka 1935. Wakati ule walikata kipande cha mfuko wa mayai, na mwezi ukarudi. Basi kwa miaka mingi watu walidhani kwamba shida yote iko pale penye mayai. Leo twajua zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ugonjwa huu unawashika wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio na umri wa kuzaa, na kwamba hata 7 katika 10 kati yao hawajui kwamba wanao. Hesabu wanawake wa kwaya yenu. Kama ni 30, huenda watatu wanao.

Mganga haamui kwa ekografi peke yake. Anaangalia mambo matatu: mwezi usiokuja vizuri, dalili za homoni za kiume, kama ndevu, au homoni hizo kuzidi katika damu, na namna mifuko ya mayai inavyoonekana. Mawili kati ya hayo yakiwapo, na magonjwa mengine yanayofanana yameondolewa, ndipo anasema ni SOPK. Kwa hiyo usikubali kuitwa mgonjwa kwa sababu ya picha tu, wala usikatae kwa sababu picha haikuonyesha kitu.

Mjumbe anayepiga hodi

Sasa, inakuwaje ugonjwa wa mayai ufike moyoni? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mzizi.

Chakula tunachokula, zaidi bugali, ndizi, viazi na vitu vitamu, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ni chakula cha mwili, lakini haiwezi kuingia yenyewe mahali inapotakiwa. Inahitaji mjumbe wa kuipigia hodi mlangoni. Mjumbe huyo anaitwa insulini, naye hutoka katika kongosho. Katika mwili wenye afya mjumbe mmoja akipiga hodi, wenye nyumba hufungua. Lakini kwa wanawake wengi wenye SOPK, wenye nyumba ni wazito wa kusikia. Kongosho linatuma mjumbe wa pili, wa tatu, wa kumi, mpaka uwanja umejaa wajumbe wanaopiga hodi pamoja. Mwishowe mlango unafunguliwa na sukari inaingia. Ukipima damu asubuhi ile, utasema yote ni mema.

Lakini ule umati uwanjani haukai bure. Unachochea mifuko ya mayai itoe homoni za kiume kupita kiasi, nazo ndizo zinazoleta ndevu na kuzuia yai lisikomae. Unafanya mwili uweke akiba ya mafuta, zaidi tumboni. Mafuta mabaya katika damu yanazidi, na yale mema yanayosafisha mishipa yanapungua. Presha inaelekea kupanda, ile ambayo wengi kwetu huiita tansio. Na kongosho lenyewe, baada ya miaka ya kutuma na kutuma, linachoka. Siku litakaposhindwa kutuma wajumbe wa kutosha, ugonjwa wa sukari umeingia nyumbani.

Mafuta, presha na sukari vikifanya kazi pamoja, huharibu ukuta wa mishipa ya damu. Ndani ya mshipa panakuwa pembamba, kama bomba la maji lililoshika kutu. Mshipa wa moyo ukizibika, sehemu ya moyo inakufa kwa kukosa damu. Ukizibika au kupasuka ule wa kichwani, mtu anapooza upande mmoja. Watu hufikiri kwamba moyo ni ugonjwa wa wanaume wakubwa wenye kitambi. Kati ya wanawake 3 wanaokufa duniani, karibu mmoja hufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa.

Sitaki kumwogopesha msichana. Mwaka 2023 waganga wa nchi nyingi, wakiongozwa na chuo kikuu cha Monash huko Australia, walitoa mwongozo mpya juu ya ugonjwa huu. Walisema wazi kwamba mwanamke mwenye SOPK ahesabiwe kuwa na hatari iliyozidi ya ugonjwa wa moyo, na kwamba vitu vinavyoleta hatari hiyo vipimwe kwa kila mmoja wao. Lakini walisema pia kwamba kabla ya mwanamke kufika umri wa kukoma mwezi, hatari hiyo bado ni ndogo. Basi binti wa miaka 22 hataanguka kesho. Ana miaka mingi ya kufanya kazi kabla ya mavuno mabaya, na hiyo ndiyo habari njema ya ugonjwa huu. Magonjwa mengi hayatupi nafasi kama hiyo.

Mama mmoja muuza mandazi alifika kwetu kwa sababu ya kichwa kinachomuuma usiku. Alikuwa na miaka 38. Presha yake ilikuwa 180 juu na 110 chini, na sukari yake ilikuwa imepanda sana. Tulipomuuliza mambo ya zamani, alitoa katika mfuko wake karatasi ya ekografi iliyokunjwa mara nne, ya miaka kumi na sita iliyopita, yenye zile herufi. Aliipata katika hospitali moja ya mjini. Baada ya hapo alizaa watoto watatu, akaambiwa, "Umepona." Katika miaka ile kumi na sita alipimwa presha wakati wa mimba tu. Hata mtoto wa tatu alipozaliwa na kilo 4 na nusu, watu walishangilia uzito wake, hakuna aliyepima sukari ya mama. Anaendelea na dawa sasa, na presha imeshuka. Lakini macho yake hayaoni kama zamani.

Shingo nyeusi

Iko alama moja ambayo hata mtoto anaweza kuiona. Ngozi ya shingo kwa nyuma inakuwa nyeusi kuliko uso, nene kidogo, laini kama kitambaa cha mahameli. Pengine ni kwapani pia, au chini ya matiti. Watu husema ni uchafu, na msichana anasugua kwa jiwe na sabuni mpaka ngozi inatoka damu. Si uchafu. Mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi, ni ule umati uwanjani unaojionyesha kwenye ngozi. Mama ukiona shingo ya binti yako imekuwa hivyo, usimwambie aoge vizuri. Mlete apimwe sukari na presha.

Na hapa nisemapo juu ya ngozi niseme na neno gumu. Msichana mwenye shingo nyeusi na chunusi huenda sokoni kununua mafuta ya kuchubua. Mwingine, ambaye ni mwembamba na anataka kuonekana ameolewa vizuri, hununua vidonge vya kunenepesha, vinavyouzwa kimoja kimoja bila boksi. Katika vidonge hivyo vingine mna dawa iitwayo deksametazoni. Ni dawa nzuri mkononi mwa mganga. Lakini mtu akiila kila siku ili apate mashavu, inapandisha sukari, inapandisha presha, inaweka mafuta tumboni na usoni, na inadhoofisha mifupa. Mafuta mengine ya kuchubua yana dawa ya jamii hiyo hiyo, nayo huingia mwilini kupitia ngozi. Mwanamke mwenye SOPK akitumia vitu hivi, anaongeza kuni katika moto ambao tayari unawaka. Kama umevitumia muda mrefu, usiviache ghafula siku moja, maana hilo nalo lina hatari; njoo tukusaidie kuviacha polepole.

Tunajua sababu. Kwetu unene wa mwanamke ni sifa ya bwana wake: watu husema analishwa vizuri. Na wakati huo huo mwanamke mwenye SOPK anayenenepa haraka huchekwa kwamba ni mlafi. Asifanyiwe lile wala hili. Mwili wake unaweka mafuta kwa urahisi kuliko wa jirani yake anayekula sahani ile ile. Tena si wote ni wanene. Wako wembamba wenye ugonjwa huu, na sukari yao pia ipimwe, kwa maana wembamba haumtoi mtu katika hesabu.

Kamba, kitambaa cha mkono na sindano

Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Chukua kamba isiyovutika, ipime urefu wako tangu unyayo mpaka utosini, ikate. Kisha ikunje katikati na uizungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, ukipumua kawaida. Kama ncha zinafikiana, ni vema. Kama hazifikiani, mafuta ya tumbo yamezidi, na mafuta ya tumbo ndiyo yanayosumbua moyo kuliko yale ya mapajani. Mama wa kanisa wanaweza kufanya hivi pamoja katika mkutano wao, kwa kicheko, bila mtu kutaja kilo zake.

Kipimo cha pili ni presha, nayo ipimwe angalau mara moja kila mwaka, hata kama huumwi. Presha haina sauti, wengi wanaoibeba hawasikii kitu. Ukija kupimwa, keti kwanza dakika 5, usizungumze, mkono ukae mezani usawa wa moyo. Ukipanda kilima na kupimwa mara ile ile, hesabu itakudanganya. Ikifika 140 juu au 90 chini, tutakupima tena siku nyingine kabla ya kukupa jina la mgonjwa wa presha, isipokuwa kama imepanda sana.

Kipimo cha tatu ni sukari. Hapa mjue jambo moja: sukari ya asubuhi pekee inaweza kuonekana njema wakati ugonjwa umekwisha kuanza, kama tulivyoona kwa habari ya wajumbe. Kipimo kilicho bora ni kunywa maji yenye gramu 75 za sukari ya glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili. Huo mwongozo wa 2023 unataka kipimo hiki wakati ugonjwa unapojulikana, kisha kila mwaka 1 hadi 3 kwa kadiri ya hatari ya mtu. Ikiwa kabla ya kula sukari ni 126 au zaidi, au baada ya saa mbili ni 200 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikasema vile vile, ni ugonjwa wa sukari. Kati ya 100 na 125 asubuhi ni mlango ulio wazi nusu. Mtu anaweza bado kurudi nyuma.

Cha nne ni mafuta ya damu, yaani kolesteroli na ndugu zake. Si kila labo kwetu inaweza kukipima, nacho kina gharama. Kama huwezi, usikae nyumbani kwa sababu hiyo. Kamba na presha na sukari vitatuambia mengi.

Sufuria ya nyumbani

Wengi hufikiri kwamba tutawaambia wale chakula cha wazungu. Hapana. Katika masoko ya kwetu kuna sombe, lengalenga, maharagi, karanga, sambaza, ndagala, mapera, maboga. Ni chakula cha moyo. Shida yetu ni sahani: mlima wa bugali, na pembeni kijiko cha mboga. Geuza sahani. Nusu yake iwe majani na mboga, robo maharagi au samaki au yai, na robo iliyobaki bugali. Bugali ya mihogo mitupu hugeuka sukari upesi na haina nyama ndani yake. Ukiila na maharagi, sukari inapanda polepole zaidi.

Mawese yana vitamini nzuri ya macho, sitaki myaache. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya namna inayoganda na kuzidisha kolesteroli. Sombe ya watu wanane haihitaji kuogelea. Kijiko kimoja au viwili vikubwa kwa sufuria vinatosha kuipa ladha. Na mafuta ya mandazi yaliyochemka kutwa nzima mpaka yamekuwa meusi, yamwage.

Chumvi yote ya siku kwa mtu mzima isipite kijiko kimoja cha chai, na ndani ya kijiko hicho mmeshahesabiwa kube za supu na makayabo. Makayabo yaloweshwe usiku kucha, na maji yamwagwe mara mbili. Chupa moja ndogo ya kinywaji kitamu ina sukari karibu vijiko 7 vya chai. Mwanamke mwenye SOPK anywaye chupa mbili kila siku sokoni ameshaharibu faida ya sombe yake.

Je, apunguze kilo ngapi? Watu hukata tamaa kwa sababu wanafikiri lazima warudi kilo za siku ya arusi. Kwa mwenye kilo 80, kupunguza kilo 4 hadi 8 kunaweza kushusha insulini na presha, na kwa wengine mwezi unaanza kurudi. Hata kilo zisiposhuka, mwendo wa mwili peke yake unawafanya wenye nyumba wasikie hodi vizuri zaidi.

Hapo mama wa kijijini hucheka na kusema, "Mimi nalima tangu alfajiri, nabeba maji na kuni, unataka nikimbie tena?" Hapana, mama yangu, wewe umekwisha kutimiza. Tunasema na dada yako wa mjini, anayeketi nyuma ya meza ya biashara saa kumi na kupanda pikipiki kwenda na kurudi. Yeye atembee kwa haraka dakika 30, siku 5 kila juma, kadiri ya kuhema lakini si kushindwa kusema. Na siku mbili katika juma afanye kazi ya nguvu ya mikono na mapaja, hata kubeba ndoo au kuchuchumaa na kusimama mara nyingi. Kwako wewe wa kijijini shida iko penye jiko: moshi wa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa huumiza mapafu, na moyo pia. Pika nje, au fungua dirisha.

Mwenye kukoroma sana usiku na kuamka amechoka, atuambie. Wenye SOPK wengi hushikwa na ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, nao hupandisha presha.

Dawa ya metformini

Wengine mmepewa metformini. Dawa hii ilianza kutumika kwa wagonjwa wa sukari kwa kazi ya mganga Mfaransa Jean Sterne mwaka 1957, nayo ina ukoo na mmea mmoja wa Ulaya. Inawasaidia wenye nyumba wasikie hodi. Lakini mwanamke akirudi nyumbani na dawa hii, jirani anasoma boksi na kusema, "Kumbe una sukari!" Naye kwa aibu anaitupa. Kupewa metformini si kusema una ugonjwa wa sukari. Inaweza kuvuruga tumbo siku za kwanza. Imeze pamoja na chakula, na tutaanza na kidogo. Mwenye figo mbovu asiitumie bila mganga.

Wengine hupewa vidonge vya kupanga uzazi ili mwezi uje kwa utaratibu, hata kama hawana bwana. Hilo si jambo la aibu. Kwa maana mwanamke asiyeona mwezi kwa siku 90 au zaidi, na si mjamzito, utando wa ndani ya tumbo la uzazi unazidi kuwa mnene, na baada ya miaka unaweza kugeuka kansa. Lakini vidonge vyenye homoni ya estrojeni visitolewe kabla ya kupima presha, na visipewe mwenye presha iliyopanda sana, wala aliyewahi kuzibika mshipa kwa damu iliyoganda, wala mvuta sigara aliyepita miaka 35. Kwa hao iko njia nyingine.

Wakati wa kufunga na kuomba, mwenye kutumia dawa za sukari au presha aje kwanza kwa muuguzi. Na mtu akikuambia uzitupe dawa zako ili uonyeshe imani, mwulize kama yeye anavua miwani yake anaposoma.

Kwa mabwana, mama wakwe na wazee wa kanisa

Mwanamke huyu hakurogwa, wala halipi kosa la ujana wake. Mara nyingi ugonjwa huu hupita katika jamaa. Uliza, utasikia kwamba shangazi alikuwa na ndevu na mwezi usiokuja. Wengi huzaa, na kwa yule ambaye yai lake halikomai iko dawa ya letrozoli, ambayo mwongozo huo umeiweka mbele ya nyingine. Bwana naye apimwe, maana pengine shida iko kwake pia.

Lakini mimba ikishika, kazi ya moyo haijaisha, imeanza. Wenye SOPK hupata sukari ya mimba na presha ya mimba kuliko wengine, kwa hiyo waanze kuja kupimwa mapema, wasingoje tumbo lionekane. Na aliyepata presha ya mimba au sukari ya mimba, arudi apimwe tena baada ya kuzaa, na kila mwaka baada ya hapo. Shangwe ya mtoto isifute fishi ya mama.

Mabwana, mwanamke anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni mti mkavu, huzuni inamshika. Na mwenye huzuni hapiki mboga, hatembei, hakumbuki dawa. Nimeona presha ya mwanamke ikishuka vizuri tangu mama mkwe wake alipoacha kumuuliza habari ya tumbo kila asubuhi. Dawa zilikuwa zile zile.

Yako mambo ambayo hayangojei siku ya kliniki. Maumivu au uzito wa kifua, hata kama yanakwenda mgongoni, mkononi au katika taya. Kukosa pumzi ghafula. Jasho la baridi na kutapika bila sababu. Mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuchanganyika. Kwa wanawake moyo mara nyingine hulia bila maumivu makali ya kifua, unaleta uchovu na pumzi fupi tu. Msimpe chai, msimlaze angoje asubuhi, msianze kutafuta nani amemtupia. Mbebeni mje naye saa ile ile, hata usiku.

Kwa wengine wote, njooni siku ya kliniki ya mama. Leteni karatasi ya ekografi hata ikiwa ya zamani na imekunjwa, leteni fishi za mimba zenu, na vidonge vyote mnavyotumia, hata vile vya sokoni. Asubuhi hiyo msile wala kunywa kitu ila maji, ili sukari ipimwe vizuri. Bebeni chakula chenu mkononi, mtakula baada ya sindano.